Mteja wangu hataki kula, na mimi ni intani tu

Mwezi uliopita nilijibu barua ya mama mmoja ambaye binti yake alikuwa anajitapisha kila akimaliza kula, na tangu siku hiyo simu yangu haijapumzika. Kilichonishangaza ni kwamba barua nyingi hazikutoka kwa wazazi wala wagonjwa, zimetoka kwa wanafunzi wa masters ya ushauri nasaha, vijana walioko intanishipu, yaani mafunzo ya vitendo, wanakutana na matatizo ya ulaji kwa mara ya kwanza na wanaogopa. Nimezisoma zote. Leo ukurasa huu ni wenu, nimechagua barua nne. Kitu kimoja nimefanya makusudi, nimefuta kilo, kalori na mbinu zote mlizoniandikia, kwa sababu msomaji anayeumwa ugonjwa huu akiona namba anaigeuza kuwa mashindano. Na nyie maintani anzeni na hilo, namba zibaki kwenye faili.

Anti shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, niko Minneapolis, Marekani, nasoma masters mwaka wa pili. Nimepangiwa intanishipu kwenye kituo cha watu wenye matatizo ya ulaji na hii ni wiki ya tatu. Kuna binti wa miaka 19, kila akiwekewa chakula analia, na mimi badala ya huruma nahisi hasira, kwetu tumekua tunagawana samaki mmoja watu saba halafu mtu ana chakula mbele yake hataki. Kwenye sesheni tunaelewana vizuri sana, anakubali kila ninachosema, wiki ijayo amerudi nyuma. Nikimpigia mama anasema mwanangu hayo ni magonjwa ya wazungu, somea kitu cha kutusaidia huku. Najiona sifai. Intani, Minneapolis.

Marahaba mwanangu. Hiyo hasira usiionee aibu, umekulia nyumba ambayo chakula ni riziki na kukichezea ni kufuru, leo unakaa mbele ya mtu anayelia kwa ajili ya slesi ya mkate, ungekuwa jiwe ndo usingehisi kitu. Ila usiingie nayo kwenye chumba cha mteja, ipeleke kwa supavaiza wako. Vyuo vya huko vilivyoidhinishwa na CACREP, chombo kinachokagua masomo ya ushauri nasaha, vinataka umalize saa 600 za intanishipu, 240 kati ya hizo ziwe za kuhudumia wateja moja kwa moja, na kila wiki upate saa ya kukaa na msimamizi mbali na ile ya kikundi. Najua wengi wenu hiyo saa mnaitumiaje, mnasimulia ile sesheni iliyoenda vizuri, mnaonyesha mlivyo hodari, saa inaisha. Wewe nenda kaseme hivi hivi ulivyoniandikia mimi: nilimkasirikia. Msimamizi mzuri hatakushusha, atakuuliza samaki yule mmoja mlikuwa mnamgawanaje watu saba, na nani alikuwa anapata kichwa, na hapo ndo utaanza kuona kwamba hasira yako ina historia yake na yule binti hahusiki nayo.

Halafu mwanangu uko Minneapolis! Hapo hapo ulipo, Chuo Kikuu cha Minnesota, chini ya uwanja wao wa mpira, kuanzia Novemba 1944 mtafiti Ancel Keys aliwaweka wanaume 36 waliokuwa wamekataa kubeba silaha kwa sababu za imani zao, wakajitolea mwili, ili madaktari wajue namna ya kuwalisha watu wa Ulaya waliokuwa wanakufa njaa na vita. Walichaguliwa kwa sababu walikuwa wazima, mwili na akili. Wakapunguziwa chakula miezi sita mpaka wakapoteza karibu robo ya uzito wao. Sasa sikia kilichotokea, wakawa hawana stori nyingine zaidi ya chakula, wanasoma vitabu vya mapishi kama mtu anayesoma gazeti, wanalamba sahani, wanamega kidogo kidogo na kukivutavuta chakula mpaka kinapoa, baridi inawaingia mifupani, wakawa wakali, wakajitenga na wenzao, wengine huzuni ikawazidi. Na waliporuhusiwa kula tena wapo waliokula wakashindwa kuacha. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na anoreksia, ule ugonjwa wa kujinyima chakula, ilikuwa njaa tu.

Kwa hiyo yale unayoyaona kwa binti wa miaka 19, kumega mkate vipande kama punje, kuvaa sweta mbili ndani ya nyumba, kununa, kutotaka marafiki, mengi si tabia yake, ni njaa inaongea. Na ndiyo maana sesheni zenu zinaenda vizuri halafu hakuna kinachobadilika, unaongea na ubongo wenye njaa, unakusikia, unakubali, hauna nguvu ya kushika. Kosa hilo si lako, ila usiendelee kuamini kwamba ukipata maneno mazuri zaidi ataponea kwenye maneno. Mwili kwanza. Maneno yatapata pa kukaa akishaanza kula.

Mi mwenyewe nilifanya intanishipu huko huko Marekani, na somo kubwa sikulipata kwenye kiti cha mnasihi, nililipata mezani. Kituo chetu kilikuwa na utaratibu kwamba intani anakula na wateja, chakula kile kile, sahani ile ile. Siku yangu ya kwanza niliketi na msichana aliyekuwa na mkate wenye siagi ya karanga. Akachukua tishu akaanza kuifuta siagi, taratibu, kwa ukingo wa kidole, kama anafuta vumbi kwenye picha. Nikataka kumwambia kula bwana, mbona ni kidogo hivyo. Supavaiza wangu alikuwa upande wa pili, akanitazama tu. Akamwambia yule msichana kwa sauti ya kawaida kabisa, hiyo iliyo kwenye tishu nayo ni sehemu ya mlo wako, tutakuongezea nyingine, mi nipo hapa. Halafu akatuanzishia mchezo wa kutaja majina ya miji kwa herufi. Hakuna aliyemsifu wala kumhurumia, hakuna aliyetaja mwili wa mtu. Dakika arobaini. Machozi yalikuwa yanadondoka kwenye mkate na anaendelea kutafuna, mimi natafuna wangu, tunatafuta mji unaoanza na herufi ya O. Nilipomaliza nilikuwa nimechoka kuliko siku niliyolima. Kazi yenu hapo ni hiyo, kukaa.

Sasa hilo la magonjwa ya wazungu. Mama yako usibishane naye kwa simu ya mbali, lakini wewe mwenyewe uwe na jibu. Visiwa vya Fiji, watu wanaopenda mwili wenye nyama kama sisi tu, televisheni ilifika mkoa wa Nadroga mwaka 1995. Mtafiti Anne Becker aliwahoji wasichana wa sekondari mwaka ule hakupata hata mmoja aliyesema anajitapisha ili apungue, aliporudi 1998 akakuta zaidi ya mmoja katika kila kumi. Miaka mitatu tu! Na hiyo ni televisheni, hakukuwa na simu ya kiganjani yenye TikTok. Halafu kuna utafiti wa Ghana uliochapishwa 2004, wasichana kumi wa sekondari waliokuwa wanajinyima kula, ila hawakuwa wanaogopa unene, walikuwa wanalizungumzia kidini, kujinyima ni kujitawala. Huo ukae nao kichwani kwa sababu vitabu vyenu vimeandikwa kwa mtu anayejiona mnene kwenye kioo, na ukirudi huku utakutana na mtu ambaye hajali kioo hata kidogo, anafunga na kuomba siku ishirini na moja, akimaliza anaanza tena, na kanisa zima linamsifu.

Na sisi tuna mahali pa kujificha ambapo wenzetu hawana. Sinia. Watu sita wanakula sinia moja, nani anahesabu matonge ya nani? Mtu anafinyanga tonge, anachovya, anaongea, anacheka, tonge linarudi pembeni, anasukumia mboga kwa wadogo zake na wote wanasema ana roho nzuri. Akikaribishwa kwa jirani anasema nimeshakula, endeleeni, na adabu inataka hivyo hivyo, hakuna atakayemhoji. Mama yako amewahi kula na mtu wa aina hiyo, hakumwona tu. Mwambie siku moja mkiwa mmekaa pamoja, si kwenye simu.

Habari yako Anti. Niko Nairobi, nafanya masters ya saikolojia ya ushauri na intanishipu yangu iko kwenye ofisi ya ushauri ya chuo kimoja. Kuna mwanafunzi wa mwaka wa pili anakula sana usiku halafu anajitapisha, karibu kila siku, na juzi alizirai akiwa darasani. Ameniapisha nisimwambie mtu yeyote. Nilimgusia msimamizi wangu bila kutaja jina, akaniambia ni presha ya mitihani, mwambie tu akule vizuri. Nimekwama, kiapo ni kiapo. Intani, Nairobi.

Mdogo wangu, hii nakujibu haraka na nakuomba uifanyie kazi leo leo kabla hujamaliza gazeti. Mtu anayejitapisha kila siku anapoteza potasiamu, na potasiamu ikishuka moyo unakosa mpangilio, unaweza kusimama ghafla kwa mtu ambaye jana alikuwa anacheka na uzito wake ni wa kawaida kabisa. Kuzirai kwake si presha ya mitihani mpaka daktari aseme hivyo. Anatakiwa kupimwa damu, potasiamu na chumvi nyingine za mwili, na kipimo cha umeme wa moyo, halafu ndo sesheni zenu ziendelee. Akisikia maumivu ya kifua, akitapika damu au akizirai tena, hiyo ni hospitali moja kwa moja, hata saa nane usiku.

Kuhusu kiapo. Kosa lilianza siku ya kwanza, na wengi mnalifanya kwa sababu mnataka kupendwa na mteja. Siri ya mteja ina mipaka na mipaka inasemwa mapema, kabla hajafungua mdomo, kwamba nitakutunzia kila kitu isipokuwa pale maisha yako au ya mwingine yakiwa hatarini. Kama hukusema, rudi useme sasa. Usimwendee kinyume nyuma ya mgongo wake, mwite, mwambie hivi: ulipozirai niliogopa, siwezi kulibeba hili mimi na wewe tu, twende kwa daktari, nitakaa na wewe kwenye benchi. Atakasirika. Anaweza asirudi wiki nzima. Bado afadhali akukasirikie akiwa hai.

Na msimamizi wako, sidhani ni mtu mbaya, ila "nilimgusia" hakumsaidii kuelewa. Andika. Kuna maswali matano mafupi yanaitwa SCOFF, yalitoka London mwaka 1999, hata nesi wa zahanati anaweza kuyauliza: je, huwa unajitapisha kwa sababu umeshiba mpaka unajisikia vibaya? Unaogopa kwamba huwezi tena kujizuia unapokula? Umepungua sana ndani ya miezi mitatu? Unajiona mnene wakati watu wanasema umekonda? Unaweza kusema chakula kimetawala maisha yako? Ndiyo mbili zinatosha kumpeleka mtu akachunguzwe zaidi. Muulize mteja wako, andika majibu, andika tarehe aliyozirai, peleka karatasi mezani, na useme naomba rufaa ya daktari. Asipojali, nenda kwa mratibu wa intanishipu chuoni kwako. Kenya ina sheria ya wanasihi na wanasaikolojia tangu 2014, hii ni taaluma yenye kanuni, na kanuni ya kwanza ni kutofanya kazi iliyo juu ya uwezo wako bila usimamizi. Kumpeleka mtu kwa daktari hakukushushi hadhi.

Jingine, muulize kuhusu kujiua. Kwa sauti, kwa neno lenyewe. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa 2011 ulionyesha kwamba katika vifo vya watu wenye anoreksia karibu kimoja kati ya vitano kilikuwa cha kujiua, na wenye bulimia, wale wanaokula kupita kiasi halafu wanajitapisha kama mteja wako, nao hawako salama. Kuuliza hakumpandikizii wazo.

Akishatulizwa kimwili, wewe mnasihi una kazi nyingi ya kufanya. Tiba ya kuzungumza iliyotengenezwa Oxford na Christopher Fairburn kwa mtu mzima asiye na uzito mdogo ni kama sesheni 20, na mwanzo wake utauona wa kawaida mno, mteja anaandika anachokula saa ile ile anapokula, na anarudishwa kwenye milo mitatu na vitafunio viwili au vitatu kwa saa zinazojulikana. Chai asubuhi na mkate au kiazi, kitu saa nne, mchana, kitu saa kumi, usiku. Kwa nini? Kwa sababu kula kwake usiku bila breki kunatokana na kushinda njaa mchana. Anakuambia najinyima kwa sababu nakula sana usiku, wewe unamwonyesha kwa daftari lake mwenyewe kwamba ni kinyume. Na tafadhali neno ulafi lisitoke mdomoni mwako, ulafi ni dhambi kwenye masikio ya watu wetu, na mtu huyo amekuja kwako ameshajihukumu.

Anti, shikamoo. Mimi ni mwanaume, miaka 27, nasomea ushauri nasaha, niko Morogoro kwa mafunzo ya vitendo. Nilipokuwa sekondari nilipitia ugonjwa huu huu, nilikuwa mwanariadha, nikajinyima mpaka nikaanguka. Hakuna anayejua isipokuwa dada yangu. Sasa nimepata mteja wa kiume, kijana, haamini kama kuna mwanaume mwingine duniani aliyepitia. Nimwambie? Intani, Morogoro.

Marahaba kaka. Barua yako nimeisoma mara tatu. Wanaume mnaumwa huu ugonjwa na mnaupata mkiwa mmejificha zaidi, maana fomu zimeandikwa kwa wasichana na watu wanauita mazoezi.

Jibu langu: usimwambie wiki hii. Kamwambie msimamizi wako kwanza, halafu mjibu pamoja maswali yafuatayo, umepona tangu lini, ukiwa na msongo siku hizi unakula vipi, na ukimwambia huyu kijana nani atapata nafuu, yeye au wewe? Maana kuna upweke kwenye barua yako, na mteja hawezi kuwa dawa yake. Tafuta mnasihi wako mwenyewe, si aibu, mafundi wa kazi hii wengi wana wao. Mkikubaliana kwamba itamsaidia, iwe sentensi mbili: na mimi niliwahi kuumwa hivi, nilisaidiwa nikapona. Basi. Usimwambie ulifika kilo ngapi, ulifanyaje, ulikaa siku ngapi bila kula, atajipima na wewe. Na siku yoyote ukiona umeanza kuruka mlo kwa sababu una wateja wengi, simamisha, ongea na mtu.

Halafu kama huyu kijana bado anaishi kwa wazazi na ugonjwa una muda mfupi, waiteni wazazi ndani. Hospitali ya Maudsley kule London walionyesha mwaka 1987 kwamba vijana walioanza kuumwa kabla ya miaka 19 na hawajafikisha miaka mitatu wakiumwa walifanya vizuri zaidi wakitibiwa pamoja na familia. Mzazi anashika usukani wa chakula kwa muda, kijana anarudishiwa kidogo kidogo. Kwetu hilo ni rahisi kuliko wanavyodhani, shangazi, bibi, kaka, mikono ipo. Ila waonyeni mapema wasimshindilie, mwili uliokaa na njaa muda mrefu ukijazwa chakula ghafla madini ya damu yanaporomoka na mtu anaweza kufa, kasi ya kuongeza inapangwa na daktari.

Anti, assalaam alaykum. Niko Unguja, intani. Mteja wangu alikuwa mahututi mwaka jana kwa kutokula, sasa anaendelea vizuri, anataka kufunga Ramadhani. Familia inasema itamletea baraka. Mimi naogopa lakini nani mimi kumkataza mtu ibada? Intani, Unguja.

Waalaykumu ssalaam mwanangu. Wewe humkatazi, Qurani yenyewe imempa ruhusa mgonjwa, Sura ya Baqara aya ya 184 na 185, afidie siku nyingine au kwa namna masheikh watakavyomwelekeza. Mpate daktari wake aseme kwa kinywa chake kwamba bado ni mgonjwa, kisha mmwone imamu wanayemwamini wao, siyo unayemwamini wewe, mkae wote chumba kimoja na mama yake awepo. Ukiwa na mteja peke yake muulize taratibu, ukiwaza mwezi unakuja unachokiona kwanza ni swala na futari, au ni zile saa ambazo hakuna atakayekuuliza umekula nini? Wengi wananijibu ukweli wakiulizwa hivyo, na wengine huanza kulia kabla sijamaliza swali.

Tatizo litakalobaki ni aibu ya kula mchana nyumba nzima imefunga. Hilo panga kabla mwezi haujaandama. Familia moja niliyofanya nayo kazi ilikuwa na bibi mwenye sukari ambaye naye hafungi, wakakubaliana saa saba binti anaingia chumbani kwa bibi, pazia linashushwa, wanakula wawili. Siku za kwanza binti hakugusa. Bibi alikuwa anamwambia mimi dawa yangu siwezi kumeza tumbo tupu na peke yangu sili, basi nikae na njaa mpaka wewe uanze. Alianza na uji.